Intaneti ya Kumlaza Dada

Kwa muda mrefu, nyumbani kwetu Eldoret tulinong'ona mchana. Mgeni akibisha, mama alitoka mbio mpaka mlangoni, kidole mdomoni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Karibu, lakini polepole. Msichana wangu amelala." Mgeni alivua viatu, akaingia kwa kunyata, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuangalia mgonjwa. Baada ya muda alianza kutupa jicho kwenye mlango wa chumba. Chumbani hakukuwa na mtu. Dada yangu alikuwa amelala Uingereza, katika mji ambao mimi mwenyewe sijawahi kuuona, na usingizi wake ulikuwa pale juu ya kabati ya vyombo, ndani ya kioo cha tableti iliyoegemezwa kwenye birika la chai.

Dada alikuwa ameenda huko kufanya kazi ya kutunza wazee. Walimpa zamu ya usiku. Alikuwa anatoka kazini asubuhi, watu wengine wakienda zao na miavuli, anaingia chumba chake kidogo, anavuta pazia, na usingizi hauji. Juu yake kulikuwa na watu waliotembea na viatu ndani ya nyumba. Chini kulikuwa na mlango uliofungwa kwa kishindo. Siku moja alimpigia mama akilia. Alisema hajalala tangu juzi, na kwamba kazini alikuwa amemwita mzee mmoja kwa jina la baba yetu.

Baba alikuwa amefariki miaka michache nyuma. Alikuja Eldoret akiwa kijana kutoka upande wa magharibi kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, akamleta mama, na sisi tukazaliwa hapa, kwenye baridi hii. Mama aliposikia jina la baba, alivuta kiti.

"Weka simu hapo kwa mto," akamwambia dada. "Usikate. Mimi niko hapa, nachambua maharagwe. Wewe lala tu."

Akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa pua, bila maneno, huku maharagwe yakianguka moja moja ndani ya sufuria. Dada akafumba macho. Mama hakukata simu mpaka bando langu la mwezi mzima likaisha, na picha ikazima ghafla kama taa ya stima.

Ndiyo maana kampuni ilipokuja mtaani kwetu na hema, spika kubwa na vijana waliovaa tisheti za rangi moja, mama ndiye aliyenivuta mkono. Walikuwa wanapitisha nyaya kwenye milingoti ya stima. Kijana mmoja alituambia tukiingia mkataba wa miaka miwili tutapata intaneti ya nyumbani, kubwa, ya saa zote, kwa bei moja. Mama akamuuliza mara mbili, "Bei moja?" Kijana akasema, "Bei moja, mama, usiwe na wasiwasi." Nikatia sahihi. Mimi kazi yangu ni kusikiliza rekodi za watu na kuandika wanachosema, nalipwa kupitia mtandao, kwa hiyo nilijiambia waya ule ni wa kazi. Lakini sote tulijua ulikuwa wa nani.

Wakatoboa ukuta, wakaacha kiboksi cheupe chenye taa ndogo za kijani. Kuanzia siku hiyo dada akawa analala kwetu.

Nikikumbuka miezi ile naikumbuka kama mchana mmoja mrefu. Dada alikuwa anafika kwake wakati sisi tunakaribia chakula cha mchana. Anakunywa kitu cha moto, anamwambia mama mambo mawili matatu, anaweka simu yake kwenye rafu karibu na kitanda, anajifunika mpaka kidevuni. Sisi hapa tunaendelea na maisha chini ya pumzi zake. Mimi niko kwenye meza na spika za masikioni, naandika maneno ya watu nisiowajua. Mama anakunja nguo, anapiga pasi, anasimama mara kwa mara mbele ya kabati kuangalia kama blanketi limeteleza. Aliwahi kunyoosha mkono kulivuta. Vidole vyake viligusa kioo, akavirudisha taratibu na kuvifuta kwenye leso.

Kuna siku dada aliacha pazia wazi kidogo. Kwake theluji ilikuwa inaanguka nje ya dirisha, na kwetu mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati mpaka huwezi kusikia mtu aliye karibu nawe. Mama alisimama katikati ya sebule akiangalia dirisha la kwenye kioo, kisha dirisha letu, kisha tena lile la kwenye kioo. Uani kulikuwa kumejaa mawe meupe ya barafu. Kwa muda, kwa kweli, hata mimi sikuweza kusema mstari wa kututenganisha uko wapi.

Jirani yetu alikuwa mwanamke mmoja, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa huku, mwenye shamba upande wa Kesses na maneno mengi. Mama alimwita Mwalimu, naye alimwita mama Mama. Alikuwa anatuletea mursik, maziwa ya mgando ya huku, ndani ya chupa ya soda na kukaa nasi saa za alasiri. Kwa mtu wa maneno mengi kunong'ona ni adhabu, lakini alijitahidi. Alikuwa anaegemea mbele, anaangalia kioo, anauliza, "Ameota?" Mama naye anajibu, "Leo ametulia."

Kisha meseji ikaja. Hata mwaka wa kwanza haukuwa umeisha. Ilisema kwamba kuanzia mwezi ujao bei ya kifurushi chetu itabadilika, ili kampuni iendelee kutupa huduma bora zaidi. Nilimsomea mama.

"Itabadilika kwenda wapi?" akauliza.

"Juu."

"Na mkataba?"

"Uko vilevile."

Mama akaweka pasi wima. "Sasa mkataba ni wa nini?"

Nilijua tu kwamba rekodi zilikuwa zimepungua msimu ule, na kwamba nyongeza ile tusingeiweza bila kumwambia dada. Na dada tukimwambia, angeongeza zamu. Angepunguza saa za kulala ili alipie intaneti ya kumfanya alale. Nilipomwambia mama hivyo, alienda kutoa gauni lake la kanisa kwenye kabati.

Asubuhi iliyofuata tulienda mjini, kwenye ofisi ya kampuni, ghorofa ya kwanza. Kulikuwa na viti vya plastiki na watu wenye karatasi za namba mkononi, wote wamekaa kimya wakiangalia mbele, na nje ya dirisha ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya mapaa. Namba yetu ilipoitwa, mama alitangulia. Kwenye kaunta kulikuwa na msichana mwenye sweta la kampuni na uso wa upole.

"Habari yako, mama."

"Mzuri, msichana wangu. Nyinyi mlikuja kwetu. Sisi hatukuwaita. Mlikuja na hema na muziki, mkasema bei ni moja mpaka miaka miwili iishe. Miaka miwili imeisha?"

"Bado, mama."

"Basi hii bei ingine imetoka wapi?"

Msichana akageuza kompyuta yake kidogo, kana kwamba jibu lilikuwa nyuma yake. "Kuna mahali kwa mkataba inasema kampuni inaweza kupandisha wakati wowote, bora itoe notisi."

"Na mimi naweza kushusha wakati wowote, bora nitoe notisi?"

Watu wawili kwenye viti vya nyuma walicheka. Msichana naye alitaka kucheka, akajizuia, akaangalia mlango wa meneja.

"Hapana, mama. Na mkitoka kabla ya muda, mtalipia ile miezi imebaki."

Nikasema kwamba hiyo si haki. Nikasema kijana wa hema hakutuambia hivyo. Nilisikia sauti yangu ikipanda, na nikaona msichana akinisikiliza kwa subira ya mtu ambaye amesikia maneno hayo tangu milango ifunguliwe. Nilipomaliza, aliinama karibu na kioo cha kaunta.

"Hata kwangu imepanda," akasema. "Mimi pia ninayo nyumbani. Nililetewa meseji kama nyinyi."

Mama akamtazama. Hasira ilimtoka usoni, nikaiona ikitoka. "Na wewe ulienda kumwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, mama. Mimi ndiye huwa naambiwa."

Baada ya hapo wakaongea kama watu wanaofahamiana. Msichana alisema tunaweza kushuka kwenye kifurushi kidogo, hicho hakina faini, ila kasi itapungua. Akauliza intaneti tunaitumia sana kwa kazi gani, ili aone kama itatosha.

"Ya kumlaza mtoto," mama akasema.

"Ana umri gani?"

"Amepita thelathini."

Msichana alinyanyua macho kutoka kwenye kompyuta. Mama akamwelezea yote, kuhusu wazee, zamu ya usiku, viatu vya watu wa juu. Foleni ilisubiri. Hakuna aliyelalamika. Mwishowe msichana alibonyeza alichobonyeza, tukashuka kifurushi, na tulipokuwa tunaondoka alimwambia mama, "Mwambie pole na kazi." Mama alisema atamwambia. Hakumwambia, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana njiani kwamba dada asijue lolote.

Kasi ilipungua kweli. Rekodi zangu zilikuwa zinashuka polepole, nasubiri huku chai ikipoa. Dada naye alianza kuvunjika. Uso wake ulikuwa unakuja kwa vipande vya mraba, halafu unajikusanya, halafu unavunjika tena. Kuna wakati blanketi lake la maua lilienea kioo kizima, kama bustani inayoonekana kupitia maji. Mama alisogeza kiti karibu zaidi. Aliacha kupiga pasi mchana, akaacha kukunja nguo. Kazi yake ikawa ni kuangalia kifua cha dada kikipanda na kushuka, na kwa sababu picha ilikuwa mbovu, ilimbidi aangalie bila kupepesa macho.

"Unaumiza macho," nilimwambia.

"Nikiangalia pembeni simpati tena."

Kisha ikaja siku moja ya mvua. Nilikuwa nimevaa spika masikioni, namsikiliza mkulima fulani akieleza habari za mbolea, nilipohisi mkono wa mama begani. Nikavua spika.

"Hapumui," mama akasema.

Nilikimbia kwenye kabati. Dada alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo. Mwanga wa picha ulikuwa umeharibika na ngozi yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kifua hakikusogea. Nilijua, kichwani nilijua kabisa, kwamba ni intaneti. Lakini mwili wangu haukujua. Nilisimama pale nikisubiri blanketi linyanyuke, na halikunyanyuka, na mama akaanza kumwita, "Mwanangu! Mwanangu!" kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku tulipompoteza baba.

Nilijaribu kumpigia simu ya kawaida. Ikaita mpaka ikakatika; alikuwa anazima milio yote akilala. Mwalimu alisikia kelele akaja mbio bila mwavuli, maji yakimchuruzika. Aliangalia kioo, akaniangalia mimi, nikamwambia, "Ni mtandao, nafikiri ni mtandao," naye akapiga magoti karibu na mama, ambaye alikuwa ameshakaa sakafuni, akaanza kuomba kwa lugha yake. Mama alikuwa anaomba kwa ya kwetu. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nikazima kiboksi cheupe, nikakiwasha tena, nikasimama mbele yake nikiangalia taa ndogo zikitafuta njia.

Picha iliporudi, dada alikuwa amelala kwa ubavu, amegeukia ukuta, amejikunja kama alivyokuwa anajikunja tukiwa wadogo kwenye kitanda kimoja. Mama akapiga yowe moja tu. Dada akashtuka, akakaa, nywele zimesimama.

"Nini? Mama, ni nini? Nani amekufa?"

"Wewe," mama akasema. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Ni wewe."

Ilibidi tumwambie. Nilimwambia mimi, kwa sababu mama alikuwa bado anapangusa uso kwa kitambaa cha Mwalimu. Nilimweleza meseji, ofisi, kifurushi kidogo. Dada alisikiliza akiwa amekumbatia mto.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungeongeza zamu."

"Ningeongeza, ndiyo," akasema. Kisha akaegemeza kidevu juu ya mto bila kusogea, nikadhani picha imeganda tena. "Mama, naomba nikwambie kitu na usikasirike. Kuna siku nyingi silali. Nafumba macho tu."

Mama akasogea kwenye kioo. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nikiyafungua utaanza kuhangaika. Kwa hiyo nafumba, nasikiliza nyumbani. Nasikia maharagwe. Nasikia mvua. Nasikia huyu akigonga kompyuta yake. Halafu mnaanza kunong'ona. Mama, huko kazini kwangu wakinong'ona karibu na kitanda cha mtu, ujue huyo mtu anaondoka. Nikiwasikia mkinong'ona, usingizi unakimbia."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na viatu mkononi.

"Sasa unataka tufanye nini?" mama akauliza, na bado aliuliza kwa kunong'ona.

"Zimeni picha. Bakizeni sauti. Na muongee kama watu."

Mama hakupenda. Siku za mwanzo aliongea na kioo cheusi huku akikiangalia vilevile, kana kwamba akikazia macho dada atatokea. Aliniuliza kama kweli yupo. Nikamwambia asikilize. Akainama, akaweka sikio karibu, na taratibu uso wake ukalegea. Alikuwa ameisikia pumzi. Sauti haikukatika hata na kifurushi kile kidogo; ilikuwa inapita kwenye waya bila shida yoyote, hata mimi nikishusha rekodi zangu.

Aliyefurahi zaidi ni Mwalimu. Alikuwa amebana maneno kwa miezi. Alianza kuja mapema, anavuta kiti karibu na kabati, anasimulia: jinsi alivyotumwa kufundisha Timboroa akiwa msichana na wino ulivyokuwa unaganda asubuhi, jinsi ng'ombe wake mmoja wa Kesses alivyokataa katakata kukamuliwa na mtu mwingine, jinsi mchungaji fulani alivyosahau jina la bwana harusi. Mama alikuwa anambishia kwa sauti. Wakicheka, mimi kwenye meza yangu nilikuwa nasitisha rekodi na kucheka nao. Na kutoka kwenye kioo cheusi, katikati ya kelele zote hizo, tulikuwa tunasikia mkoromo. Mwalimu alikuwa ananyamaza kidogo, anafurahi, kisha anaendelea na hadithi bila kupunguza sauti.

Kuna alasiri moja niliinua kichwa nikakuta nyumba imetulia. Mwalimu alikuwa ameshaenda. Mama alikuwa amelala kwenye kochi, mguu mmoja chini, mkono juu ya macho. Tangu baba aondoke sikuwa nimewahi kumwona amelala mchana. Kulikuwa na pumzi mbili chumbani, moja ya karibu na moja ya mbali, na hazikwenda pamoja. Moja ilikuwa inaanza pale nyingine inapoishia. Jua la baada ya mvua liliingia kupitia pazia na kulala sakafuni. Sikuvaa spika zangu tena mpaka jioni.

Tulibaki na kifurushi kidogo mpaka mkataba ulipoisha. Bei yake nayo ilipanda mara moja kabla ya hapo, kwa meseji ileile ya huduma bora, na tukailipa tukinung'unika. Niliandika malalamiko mawili, moja kwa kampuni na jingine kwa wakubwa wanaosimamia kampuni za namna hiyo. Kampuni ilinishukuru kwa maoni yangu. Wale wengine walisema wamepokea.

Mkataba ulipokwisha, mtu mwenye sauti tamu alinipigia akitaka tuingie mwingine. Nilimuuliza kama bei itakaa palepale. Akasema itakaa, isipokuwa tu kama kutatokea mabadiliko. Nikamshukuru. Tukahamia kwa watu wengine wadogo wa hapa mjini ambao wanalipwa mwezi kwa mwezi na hawamlazimishi mtu kutia sahihi, na siku hiyo hiyo fundi wao akapanda mlingoti na kuukata ule waya wa kwanza. Ulianguka uani taratibu, ukajikunja kwenye majani. Mama aliutumia kuanikia nguo.

Dada amepewa zamu ya mchana sasa, na analala usiku kama watu wengine. Anapiga jioni, tunaongea, anakata. Mama alipotea kidogo miezi ya kwanza. Ungemkuta amesimama sebuleni hajui alichofuata. Kisha Mwalimu akamwambia shambani Kesses kuna robo eka ambayo haina mtu. Msimu huu wamepanda viazi pamoja. Wanaondoka asubuhi na majembe na chupa ya chai, wanabishana kuanzia langoni, na nikifungua dirisha nawasikia mpaka wanapopinda kona.